Ushauri: mkia wa gari unachomoka kona moja tu, nishike mstari gani?

KijanaSyokimau: Wadau, nina Toyota Vitz naipeleka uwanja wa mbio za magari kule Athi River. Kona zote tunaelewana isipokuwa moja ya kulia, baada ya kipande kirefu kilichonyooka. Nikifika katikati mkia unachomoka, nazunguka kama pia. Hii ni mara ya nne. Niingie mapema au nichelewe? Jumamosi narudi.

FundiGia: Chelewa. Kaa kushoto kabisa, maliza breki gari likiwa limenyooka, ndipo ukate. Ukingo wa ndani uguse ukiwa umepita katikati ya kona, sio kabla. Anayegusa mapema lami humwishia kushoto. Anashtuka, anaachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele na magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Pia yako inaanzia hapo.

MamaAbiria: Ama panda matatu, dereva akuchagulie mstari.

Kiroboto: Mnasahau mwinuko. Mita 1,500 na ushee juu ya bahari, injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu. Kasi ukiiua ndani ya kona, Vitz hairudishi upesi. Fikiria unavyotoka, sio unavyoingia.

MzeeZege: Watoto hawajalipiwa karo, nyinyi mnachoma petroli mkizunguka mahali pamoja.

FundiGia: Matairi je?

KijanaSyokimau: Mapya.

FundiGia: Yote manne?

KijanaSyokimau: Ya mbele. Ya nyuma ni mtumba wa Japani, lakini meno bado yapo. Shida sio tairi. Fundi wangu amesema springi za nyuma ziwekwe ngumu, na nishalipa nusu.

FundiGia: Ungeanza na hilo. Vitz yako inavutwa na magurudumu ya mbele. Springi ngumu nyuma hutibu pua inayokataa kugeuka. Kwako mkia ndio mgonjwa, utauongezea homa.

KijanaSyokimau: Rafiki yangu aliziweka na gari lake linakata kona safi.

HesabuSafi: Nusukipenyo cha hiyo kona ni ngapi, na kasi?

KijanaSyokimau: Tulipima kwa hatua, kama mita 30. Kasi kilomita 110 kwa saa.

HesabuSafi: Basi hadithi imetungwa. 110 kwa saa ni mita 30.6 kwa sekunde. Zidisha kwa yenyewe, gawa kwa 30, ni zaidi ya mara tatu ya mvutano wa dunia. Tairi la barabarani huchoka karibu na 0.9 ya mvutano huo. Kona hiyo inakubali kama 58.

MamaAbiria: Vitz ya kuruka! Inauzwa?

KijanaSyokimau: 110 ni mwisho wa kile kipande kirefu, kabla ya breki! Nilisoma kwenye simu. Kwani nidanganye nipate nini?

HesabuSafi: Sawa, hiyo inaingia akilini. Na jibu lako limo humo humo: ukitumia upana wote wa lami, mkunjo wa mita 30 unaweza kuwa kama wa 50, na 58 inapanda hadi 75, tairi zilezile.

FundiGia: Jumamosi omba wasimamizi wakuwekee koni tatu: pa kushika breki, pa kukata, pa kugusa. Mizunguko ya kwanza shika breki mita 20 mapema. Ukitoka na lami imebaki kushoto, umegusa kwa kuchelewa mno. Ukilazimika kuongeza usukani wakati wa kutoka, umegusa mapema. Matairi mapya yahamie nyuma. Pua itateleza kidogo na breki itahitaji nafasi zaidi, lakini hutazunguka ovyo. Halafu tazama ubavuni mwa hayo ya mtumba, namba nne za mwisho baada ya DOT.

KijanaSyokimau: 2314.

FundiGia: Yalitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2014. Meno yapo, mpira umekauka.

KijanaSyokimau: Nimeelewa. Lakini fundi amesema pesa hairudi. Hizo springi za nyuma haziwezi kuingia mbele?