Naombeni ushauri wa TV ya gemu na matumizi ya kila siku, nina laki saba na nusu

Sele wa Zakhem:
Habari za muda huu wakuu. Niko Dar, nataka kununua TV, nina laki saba na nusu na siwezi kuongeza hata buku kwa sasa. Kazi zake ni mbili, gemu na kuangalia vitu vya kawaida, mpira, taarifa ya habari, tamthilia za mama watoto. Nimezunguka Kariakoo mpaka kichwa kinauma, duka hili wanakwambia chukua brandi inayojulikana inchi 43, ukivuka barabara wanakwambia kwa hela hiyo hiyo unapata inchi 55, 4K, 120Hz, dabo glasi, smart, na breketi ya ukutani juu. Kila mtu anaapa. Usingizi sipati maana hii hela nimeiokoteza na nikipigwa hapa sina nyingine. Wataalamu nielekezeni, natanguliza shukrani.

Dr Kausha:
Naweka kambi hapa, na mimi nina shida hiyo hiyo.

Ngosha wa Ilemela:
Hisense 43 funga macho mkuu. Ninayo tangu 2021 na umeme wa huku unavyocheza lakini inadunda tu. Nyie vijana mnachagua inchi siku hizi, sisi tumekua na chogo la inchi 14 mtaa mzima, Senegal anamfunga Ufaransa 2002 lile goli la Papa Bouba Diop mimi nililionea dirishani mchana kweupe, ndani kumejaa na mwenye nyumba kasema asiyeosha miguu haingii. Tuliruka pale nje mpaka tukavunja chungu cha maua cha watu. Sasa mtu ana laki saba halafu usingizi hapati!

Kaka wa Tandika:
@Ngosha hahaha kuosha miguu umenikumbusha mbali sana.

Fundi Stripu:
Mleta uzi, mimi nafungua TV kila siku, ukinijibu haya nakusaidia. Gemu unachezea kifaa gani? Chumba kina ukubwa gani? Itakuwa inawaka masaa mangapi kwa siku?

Sele wa Zakhem:
PS mkuu. Chumba cha kawaida. Masaa ya kawaida tu.

Fundi Stripu:
PS ngapi? Maana kila moja na habari yake.

Sele wa Zakhem:
PS4 Slim. PS5 ni mipango ya mbele huko Mungu akijalia.

Fundi Stripu:
Sawa, sasa sikiliza. PS4 Slim mwisho wake ni 1080p, yaani Full HD, fremu (picha) 60 kwa sekunde, haitoi 4K ya gemu hata uiunganishe na TV ya milioni kumi. Kwa hiyo hiyo 120Hz unayouziwa, yaani picha 120 kwa sekunde, ni namba ambayo kifaa chako hakiifikii. Na hata ukija kuwa na PS5, mpira wa EA FC unakimbia fremu 60. Halafu hizi TV za bei ya chini zilizoandikwa 120 kioo chenyewe ni 60Hz, hiyo 120 ni programu inachomekea picha za katikati ili mwendo uonekane laini. Kwenye filamu sawa, kwenye gemu ndiyo inakuletea kuchelewa, unabonyeza shuti, mchezaji anafikiria kwanza ndiyo anapiga. Cha kutafuta ni gemu modi kwenye menyu ya picha, ile inazima mapambo yote na kitufe kinaitika hapo hapo. TV isiyo nayo iache dukani.
Na kwenye inchi 32 uwe macho pia, nyingi ni 1366 kwa 768, hiyo PS4 yako itabanwa.

Binti Pangani:
Kaka angu samahani lakini laki saba na nusu ya kukusanya kwa shida unakwenda kuimalizia kwenye TV na gemu? Mtu mzima mwenye mama watoto? Hapo kuna ada, kuna bima ya afya, kuna kiwanja cha mkopo huko Chanika. Wanaume mnatuumiza sana na haya magemu, mume wa dada angu akirudi kazini hamsalimii mtu, anashika lile dude mpaka saa saba usiku mtoto analia pembeni. Si kwa ubaya, nasema tu.

Sele wa Zakhem:
Dada yangu ada nimelipa na bima wanayo. Mimi sichezi kabisa hiyo PS, hata kontrola siijui vizuri.

Mzee wa Kona:
Hapo hapo! Hujui kontrola, umenunua PS, masaa ni ya kawaida, chumba cha kawaida. Mdogo wangu wewe unafungua banda la gemu. Sema kweli usaidiwe, TV ya sebuleni na TV ya banda ushauri wake ni tofauti mbingu na ardhi.

Sele wa Zakhem:
Ni kweli wakuu nina fremu ya biashara hapa Mbagala, vijana wanalipa mia tano kwa mechi. Sikutaka kusema maana mkisikia biashara mnaanza kukatisha tamaa. Lakini na nyumbani inahitajika vile vile ndiyo maana nimesema matumizi ya kila siku. Saa nne asubuhi inakwenda fremu, saa tatu usiku inarudi nyumbani. Pale siwezi kuilaza, jirani yangu walimtoboa ukuta wa nyuma wakabeba subufa, TV na mpaka feni. Shemeji yangu ana bajaji, nina blanketi zito, naifunika vizuri tunakwenda mwendo wa pole. Na kusema ukweli ile 55 nimeshaiachia kianzio laki mbili, jamaa wa duka ni muungwana kanipa na risiti. Kwa biashara kubwa ndiyo inavuta wateja, mteja akipita akaona lile dude anaingia.

Kaka wa Tandika:
Subiri kwanza. Inchi 55 kwenye bajaji kila siku kwenda na kurudi???

Dr Kausha:
Nimerudia kusoma hapo kwenye blanketi.

Binti Pangani:
Kama ni biashara basi nimekuelewa kaka, Mungu akufungulie. Ila huyo mama watoto tamthilia ya saa mbili ataangalia wapi na TV inarudi saa tatu?

Mla Kashata:
Chai hii. Tena ya rangi haina sukari. Angalieni vizuri huu uzi ulivyopangwa, post ya kwanza kataja inchi 55, 4K, 120Hz, dabo glasi, breketi bure, kama anasoma boksi. Sasa anasema jamaa wa duka muungwana. Huyu ni winga, dalali wa kuvutia wateja dukani, hana fremu wala shemeji mwenye bajaji, kesho kutwa atakuja mtu mwingine hapa kuuliza "mkuu hilo duka liko mtaa gani" halafu namba ya simu inatupiwa. Nimekaa Kariakoo najua hizi mbinu.

Ngosha wa Ilemela:
Mmh. Na mimi nilijiuliza mtu gani anaacha kianzio ndiyo anakuja kuomba ushauri.

Dr Kausha:
Winga gani anasema mzigo wake unampotezea usingizi? Hapo sikubaliani.

Mla Kashata:
Ndiyo mbinu yenyewe hiyo. Alete picha ya fremu.

Sele wa Zakhem:
Mimi sio winga na duka sijalitaja jina wala sitalitaja. Nimeweka picha mbili hapo chini, moja ni fremu, benchi hilo nimelitengenezesha kwa fundi wa Charambe, ya pili ni risiti nimefuta majina. Kama hamuamini basi ila msinivurugie uzi, kuna watu wanataka kunisaidia kweli. Na kuacha kianzio sio kosa, bei ingepanda.

Kaka wa Tandika:
Hilo soketi hapo mlangoni lirekebishe kaka, limening'inia, vijana watakuja kupigwa shoti hapo.

Mla Kashata:
Picha mtu yeyote anapiga. Ila sawa, nanyamaza.

Mzee wa Kona:
Winga au sio winga swali ni zuri na wengine tunasoma, fundi endelea.

Fundi Stripu:
Naendelea. Kwanza usafiri. Skrini ya inchi 55 ina upana wa kama sentimita 122, ya 43 ni kama 95. Kapime ndani ya bajaji ya shemeji kabla ya kitu chochote. TV inabebwa imesimama wima, usiilaze, ukiilaza uzito wote unakaa katikati ya kioo, na matuta ya mtaani ninyi mnayajua. Hiyo dabo glasi, kioo cha ziada cha mbele, inazuia mpira wa watoto na rimoti ya kurushwa, lakini inaongeza uzito na inaakisi mwanga, fremu imefunguliwa mlango mchana wateja wako watajiona wenyewe badala ya kumuona mchezaji. Nimepokea TV zenye kioo cha mbele kizima kabisa na cha ndani kimechanika toka kona mpaka kona kwa sababu ya kubebwa. Na kioo cha ndani hakitengenezwi, ukiuliza bei ya kingine ni kama unanunua TV upya.

Pili masaa. Saa nne mpaka saa tatu usiku ni masaa kumi na moja. Kinachokufa kwanza kwenye LED ni zile taa za nyuma ya kioo, zimepangwa kwenye mistari, moja ikiungua picha inapotea na sauti inabaki. TV inatoka kiwandani taa ziko juu kabisa ili ing'ae dukani, ukifika ishushe mpaka 50 au 60, jicho linazoea na joto linapungua sana. Kwenye waranti soma maandishi madogo, nyingi zinasema matumizi ya nyumbani.

Tatu, wachezaji wanakaa benchi pembeni pembeni. Ukiwa dukani usisimame mbele ya TV tu, nenda kando kabisa uangalie rangi. Kuna vioo ukikaa pembeni vinapauka kama vimemwagiwa maziwa, jezi nyekundu inakuwa ya pinki. Kuna vingine rangi inabaki ila weusi wake sio mzito sana. Wewe wa banda chukua hicho cha pili.

Na hiyo 4K kaipime. Beba laptopu yenye uwezo wa kutoa 4K na waya wa HDMI, chomeka, fungua mipangilio ya skrini uone inapendekeza namba gani. 3840 kwa 2160 angalau kuna pa kuanzia, ikiishia 1920 kwa 1080 basi 4K imebaki kwenye boksi. Na PS yako uende nayo, usimuonee haya mtu, hela ni yako.

Ngosha wa Ilemela:
Ongeza na hili, king'amuzi nacho kiunganishe kwa HDMI. Mtu ananunua TV kubwa halafu Azam kaiunganisha na zile waya za njano, nyekundu na nyeupe, picha ukungu mtupu analaumu TV.

Mzee wa Kona:
Mimi ningechukua 43, naifunga ukutani na breketi, nondo mlangoni na mlinzi wa zamu mnachangia fremu zote. Kubeba kila siku utachoka wewe kabla ya TV.

Sele wa Zakhem:
Mzee nakuheshimu lakini mlinzi wa hapa analala kabla yangu. Na 43 kwa watu wanne kwenye benchi si itakuwa ndogo?

Mzee wa Kona:
Mchezaji wa PS anakaa mita moja na nusu toka kwenye kioo, fremu yako kwa hiyo picha haizidi futi kumi. 55 hapo watakuwa wanageuza shingo kutafuta mpira ulipo.

Binti Pangani:
Kaka usisahau na AFCON 2027 inakuja hapa kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, hiyo fremu itajaa. Nunua kitakachofika huko.

Sele wa Zakhem:
Wakuu nimetoka Kariakoo sasa hivi. Nilikwenda na PS begani na laptopu ya mpangaji mwenzangu. Laptopu ilivyochomekwa imeleta 1920 kwa 1080, nikamuuliza jamaa akaniambia "ina-support 4K" akaishia hapo. Gemu modi hakuna, tumetafuta menyu nzima. Nikaomba kianzio changu kihamie kwenye inchi 43 ya brandi, mwanzoni alikaza, baadaye akakubali kwa sababu nilikuwa na risiti na watu walishaanza kusogea kusikiliza. Nimepiga mechi moja na kijana wa dukani, kitufe kinaitika, pembeni rangi haipauki. Imebaki elfu arobaini nanunua kilinda umeme na waya wa HDMI mwingine. Ukutani nitaifunga na nondo fundi anakuja kuchomelea. Ila siku ya Simba na Yanga inarudi nyumbani, hilo msinibishie, na blanketi ninalo.

Mla Kashata:
Kioo ni Full HD au 4K hiyo 43?

Sele wa Zakhem:
Full HD.

Fundi Stripu:
Kwa PS4 inatosha kabisa. Shusha hizo taa leo leo kabla vijana hawajakaa.