Tupeane uzoefu: uzamili wa mtandaoni huku kazi inaendelea, hasa hizi shahada za taaluma mtambuka

Mleta uzi, afisa mifugo, Monduli

Habari za jioni wakuu. Nimemaliza mwezi uliopita, na kabla sijasahau machungu nataka tuandike hapa yale ambayo vyuo havituambii wakati vinatangaza.

Nimesoma Afya Moja, ile taaluma inayoichukua afya ya mtu, ya mnyama na ya mazingira kama jambo moja. Chuo kiko Uingereza, nimesoma miaka mitatu kwa mtandao tupu, geti lake nalijua kwenye picha. Ada nililipiwa na ule ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya mbali. Unabaki nchini kwako na kazini kwako, wao wanalipa chuo. Bando nilijinunulia.

Kwanza hesabu, maana mimi niliipiga nikiwa nimeshachelewa. Shahada nzima ni krediti 180, na krediti moja wanaihesabu kuwa saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800. Moduli ya krediti 10 inaendeshwa wiki tano, kwa hiyo saa 20 kila wiki, na wewe Jumanne una mnada, Alhamisi una chanjo kijijini. Mimi nilidhani nitasoma "nikipata nafasi". Nafasi haikupatikana hata wiki moja.

Mtandao kituoni kwangu unashika ukipanda kilima kilicho juu ya josho. Nilikuwa napanda na pikipiki saa moja jioni, laptopu mgongoni, nakaa juu ya jiwe lile lile. Mwanga wa skrini unaita kila mdudu aliye hai, wa mabawa na wa miguu. Nikajifunza kuupunguza hadi nasoma kwa kukisia. Wachungaji walinizoea, mmoja akawa ananisalimu, "Mwalimu, bado hujafaulu tu?"

Wiki ya pili tulipewa kisa cha mlipuko wa kimeta, ugonjwa wa mifugo unaompata hata mtu. Kundi letu lilikuwa na daktari wa binadamu kutoka Nigeria, dada wa misitu kutoka Nepal, mchumi mmoja, na mimi. Daktari akaandika kwamba wananchi waelimishwe wasile nyama ya mzoga. Nukta. Nikamjibu: ng'ombe huyo ndiye ada ya mtoto, kafa asubuhi, majirani wameshafika na visu. Unamwelimisha na nini mkononi? Na akishapasuliwa, ile damu isiyoganda inamwagika, vimelea vinajigeuza vijimbegu vinavyokaa kwenye udongo miaka na miaka, malisho yote yanakuwa mtego. Kundi zima likanyamaza, kisha mchumi akaanza kuuliza bei ya ng'ombe. Siku ile nilijiona bingwa.

Wiki ya nne ikaja takwimu na R, programu ya kompyuta ya kuchambulia takwimu. Nikawa mtoto wa chekechea. Aliyenishika mkono ni yule yule daktari.

Sasa ninalouliza: nani hapa alisoma kitu kinachovuka uzio wa taaluma yake huku yuko kazini, na ile karatasi ilipokelewaje ofisini? Kwangu hapo ndipo mfupa ulipo. Nitaeleza baadaye, anzeni nyie.

Muuguzi, Dodoma

Asante kwa uzi, kaka. Mimi niko zamu ya usiku wodi ya wazazi, nimesoma afya ya jamii iliyochanganywa na maendeleo ya jinsia. Nikwambie ukweli, kilichonisumbua zaidi ni nyumbani.

Ukitoka na begi asubuhi watu wanaona mwanafunzi anaondoka. Ukikaa na kompyuta mezani wanaona mtu yupo, tena amekaa. Wifi yangu alinikuta katikati ya kipindi, mhadhiri anaongea masikioni mwangu, akanipa mchele nichambue "maana umekaa tu". Nikauchambua. Ile mada ya nadharia za mamlaka ndani ya kaya niliisikiliza huku natoa mawe kwenye ungo, na mpaka leo ndiyo mada ninayoikumbuka vizuri kuliko zote.

Baada ya hapo nikahamia stoo. Nikakubaliana na wanangu: khanga ya njano ikiwa imening'inia mlangoni, mama yuko chuo. Ikitolewa, mama karudi. Mdogo alikuwa na miaka mitano, akawa anakaa nje ya mlango anawaambia wageni, "Mama yuko Uingereza." Baba yao mwanzoni alicheka, baadaye alikuwa anaining'iniza yeye mwenyewe akiona nimesahau.

Na asaimenti ya kwanza, jamani. Niliandika kwa kunakili mwongozo wa wizara neno kwa neno, maana kazini ndivyo tunavyofanya, mwongozo haubadilishwi hata nukta. Programu ya kukagua wizi wa maandishi ikaniambia asilimia 43. Nikaitwa kwenye kikao cha Zoom kueleza. Nililia kabla na baada. Mwalimu alikuwa mpole, akaniambia niandike upya kana kwamba namweleza mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja wodini leo. Tangu siku hiyo sikurudi tena chini ya alama 60.

Mwalimu wa sekondari, Kakamega

Hamjambo wenzangu. Mimi nafunza Bayolojia na Kilimo, nimesomea elimu ya mazingira pamoja na sera. Wacha niwape kisa cha saa.

Chuo kilisema kazi ikabidhiwe saa sita mchana, saa za Uingereza. Muhula wote huku kwetu hiyo ilikuwa saa tisa mchana, nimezoea, nimeibandika kwenye ukuta wa staffroom. Sasa Jumapili ya mwisho ya Machi wao husogeza saa zao mbele. Sisi huku ikweta saa haijawahi kusogea, nani angenikumbusha? Jumanne iliyofuata nikapakia kazi yangu saa nane na dakika arobaini, nimetulia, hata nimekunywa chai. Mfumo ukaandika: umechelewa. Saa tisa ilikuwa imegeuka saa nane. Nikakatwa alama 5, na ombi langu la huruma likakataliwa kwa lugha tamu sana.

Oktoba wanarudisha, unapewa saa moja bure. Lakini hiyo haikurudishii alama.

Jambo la pili kwa Wakenya: kabla hujalipa hata deposit, uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kuhusu kutambuliwa kwa hiyo shahada. Jirani yangu aliuliza baada ya kufuzu.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Hizi masters za mtandaoni ni karatasi tu. Mtu anasoma kitandani halafu anataka tumwite msomi sawa na aliyekaa maktaba miaka miwili? Na hiyo "mtambuka" ndiyo kabisa, kujua kidogo kidogo kila kitu.

Mstaafu, Kinondoni

Kijana wa Mwanza, shikamoo hukunipa lakini nakuitikia marahaba.

Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikiwatahini watu wa mbali tangu 1858. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kikaanza kupokea wanafunzi 1994. Mimi ni miongoni mwa waliosoma Huria huku nikiwa karani. Hatukuwa na mtandao. Tulikuwa na vitabu vya moduli vilivyopigwa chapa, taa ya kandili, na kusafiri kwenda kituo cha mkoa kufanya mtihani. Kitandani sikuwahi kusoma, nilikuwa nasinzia. Kaa siku moja na huyo bwana juu ya jiwe lake Monduli, kisha urudi utuambie habari za karatasi.

Hilo la kujua kidogo kidogo sikukatalii moja kwa moja. Kuna kozi za namna hiyo. Tazama kama wanakulazimisha kufanya kazi moja ya utafiti mpaka mwisho. Kama hakuna, hapo una haki ya kuguna.

Dada wa Unguja, sasa Muscat

Mie mwenzenu sikumaliza, na nataka niandike, maana nyuzi kama hizi huandikwa na waliomaliza tu.

Nafanya kazi maabara ya kliniki. Huku mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Vipindi vyetu vya moja kwa moja vilikuwa Jumatatu jioni saa za Uingereza, ambayo kwangu ilikuwa saa nne na nusu usiku baada ya zamu ndefu, na Jumapili wenzangu wa darasa wako makwao wanapumzika, mie nipo kazini. Kila kazi ya kikundi walipanga kukutana Jumapili. Nikiwaambia, wanasahau. Nikaambulia sehemu ya kuandika marejeo kila mara, kazi ambayo haihitaji kikao.

Nilifika krediti 120. Zilizobaki 60 zilikuwa tasnifu. Mama akaugua Unguja, pesa ya ada ikawa tiketi na dawa. Nikaandikia chuo, wakanambia kwa krediti hizo nina haki ya stashahada ya uzamili, nikaichukua. Wengi hawalijui hili: ukifika 60 kuna cheti, ukifika 120 kuna stashahada, hutoki mikono mitupu. Ulizeni kama chuo chenu kina utaratibu huo kabla hamjajisajili. Watu huniuliza lini namalizia. Sina jibu, na halinikoseshi usingizi.

Afisa utumishi, halmashauri moja ya kanda ya kati

Mleta uzi kauliza karatasi inapokelewaje. Mimi ndiye ninayeipokea, kwa hiyo niwaeleze upande wa pili wa meza.

Kada yako ina muundo wa utumishi, na muundo unataja sifa kwa majina ya taaluma. Mtu ananiletea shahada ya "Mifumo Endelevu ya Chakula na Jamii". Ni nzuri, nimeisoma, lakini kwenye muundo nimtafutie wapi? Hakuna mstari wake. Si kwamba namchukia. Nikimpandisha bila mstari, mkaguzi akija ananiuliza mimi.

Kwa hiyo: omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla hujaanza, hata kama husafiri kwenda popote. Hakikisha umo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Kama chuo ni cha nje, peleka cheti Tume ya Vyuo Vikuu kitambuliwe, na hapo watataka nakala ya matokeo pamoja na cheti. Na ukiwa na chaguo la majina mawili ya shahada, chukua lile ambalo ndani yake mna neno linalofanana na kada yako. Hilo neno moja litakuokolea miaka.

Wanaotaka kuhamia kufundisha vyuoni nao waangalie mapema. Matangazo huwa yanataka GPA, yaani wastani wa alama kwa namba, na vyuo vya Uingereza vinatoa madaraja ya "pass", "merit" na "distinction". Kuoanisha hayo mawili ni safari nyingine.

Mleta uzi

Mkuu wa utumishi, umenipa jibu nililolitafuta tangu nimalize. Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Nilipeleka cheti masijala, kikagongwa mhuri, kikaingia kwenye faili. Nikaulizwa, "Sasa wewe ni wa mifugo au wa afya?" Nikasema vyote. Yule mama akanitazama juu ya miwani, akaandika "mifugo".

Cheo hakijabadilika, mshahara ule ule. Kilichobadilika ni hiki. Zamani mbwa akimng'ata mtoto, mimi namfuatilia mbwa, zahanati inamfuatilia mtoto, na hatuzungumzi. Kwa ajili ya tasnifu nilihitaji rejesta zao, nikawa naenda kila Ijumaa. Tukagundua majina ya walioumwa kwao na taarifa za mbwa kwangu havilingani hata nusu. Sasa mganga wa zahanati ananipigia simu siku hiyo hiyo mtoto akifika, kabla hata kidonda hakijamaliza kuoshwa kwa sabuni na maji. Hilo halina mstari kwenye muundo, lakini kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna kurudi, kwa hiyo siku moja ni kubwa.

Dada wa Dodoma, Mei 2024 zile nyaya za intaneti za baharini zilipokatika ulifanyaje? Mimi Jumapili ile ya tarehe 12 nilikuwa na kazi ya kupakia.

Muuguzi, Dodoma

Usinikumbushe. Kurasa zilikuwa zinazunguka tu kama feni. Nilimtumia mwalimu barua pepe yenye sentensi mbili, ikagoma mara nne, ya tano ikaenda. Kumbe kesho yake alikuwa ameshatuongezea siku darasa zima la Afrika Mashariki. Andikeni mapema, jamani. Wakisikia baada ya siku ya mwisho wanaona kisingizio, wakisikia kabla wanaona tatizo.

Mchangiaji, Mwanza

Shikamoo mzee wa Kinondoni. Nimekuelewa. Ila yule dada wa marejeo wamemwonea.

Mwanachama mpya, Tanga

Samahani wakubwa, nimesoma uzi wote. Nimepata barua ya kukubaliwa wiki hii, mimi ni bwana shamba. Moduli ya kwanza ni takwimu na hiyo hiyo R. Sijawahi kuigusa. Naanzia wapi?

Mleta uzi

Hongera sana. Programu yenyewe ni ya bure, ipakue leo ukiwa mjini ambako mtandao ni mzuri, pamoja na RStudio, ile programu ya kuitumia R kwa urahisi, usisubiri wiki ya kwanza. Kisha chukua rejesta yako mwenyewe, mavuno ya msimu uliopita kwa kijiji, ingiza mistari ishirini tu, itafutie wastani. Ukikosea kwenye namba unazozijua utaona kosa. Ukikwama niandikie, lakini jibu litakuja jioni. Sasa hivi betri ina asilimia nane, na giza limeshaingia, nashuka kilimani.