Dada ana sonona, kaambiwa aache vidonge afanye yoga. Hii imekaaje?

BintiKibirizi
Habari za jioni wakuu, niko Kigoma mjini, naombeni wenye uelewa mnisaidie. Dada yangu mkubwa anauza dagaa pale Kibirizi, sasa ziwa lilipofungwa ile miezi mitatu ya kupumzisha samaki mtaji ukakata, marejesho ya vikoba yakamkaba, na hata lilipofunguliwa hakurudi kuwa yule tunayemjua. Usingizi hana, anaamka saa tisa usiku anakaa tu, chakula anachokonoa, watoto wakimsogelea analia. Majirani wanasema karogwa. Tukampeleka hospitali wakasema sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, wakampa amitriptilini ameze usiku, hata mwezi haujaisha. Analalamika mdomo unakauka, asubuhi kichwa kizito na nafuu haioni. Juzi shangazi wa Dar kamtumia WhatsApp vidio za yoga, yale mazoezi ya kunyoosha viungo na kupumua, eti achana na midawa ya vichaa, hii inatibu kabisa. Dada kashaanza kusema anaacha dawa. Baba naye kasikia neno yoga kasema ibada ya Wahindi haiingii kwake. Yoga inasaidia kweli au tunapotezana?

NesiMstaafu_Tbr
Pole sana mwanangu, na hongera kwa kumpeleka hospitali mapema maana wengi huku kwetu wanaanza kwa mganga hadi hela zinaisha. Mimi nimefanya kazi na wagonjwa wa akili kabla ya kustaafu, nakujibu kwa ninayoyajua.

Yoga inasaidia, hilo shangazi hajakosea. 2024 jarida la BMJ la Uingereza lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti 218 zenye watu zaidi ya 14,000, na mazoezi yaliyoonekana kupunguza sonona vizuri ni kutembea au kukimbia taratibu, kunyanyua vitu vizito, na yoga. Mwongozo wa wataalamu wa Kanada wa 2016 nao unaitaja yoga kwa sonona nyepesi na ya kati, ila wameiweka kama NYONGEZA juu ya matibabu. Hapo ndipo shangazi kapotea. Nyongeza maana yake dawa inaendelea na yoga inaendelea.

Halafu hiyo amitriptilini haifanyi kazi kama panadol. Madhara yanakuja mwanzoni, nafuu inakuja nyuma, mara nyingi baada ya wiki mbili hadi nne na wengine zaidi, usingizi ndio hutangulia kurudi. Wagonjwa wengi wanaacha hapo hapo dada yako alipo, wakati nafuu iko njiani. Na hata akipata nafuu daktari atamwendeleza miezi kadhaa ili isirudi. Kama kichwa kizito kinamzidi arudi kwa daktari, dozi inapangwa upya au anabadilishiwa, asiache mwenyewe ghafla.

Kingine, dawa hiyo inaweza kushusha presha mtu akisimama haraka, kwahiyo mikao ya kuinama kichwa chini au kusimama ghafla asifanye kwa sasa. Na kama ana presha ya macho amwambie daktari, kwa dawa na kwa mazoezi.

MamaIsevya
Dada pole jamani, mi nilipitia hayo hayo nilivyofiwa, nilikuwa nameza dawa na naongea na mshauri, yoga nikaongezea baadaye. Usimpe zile vidio za wadada wanajikunja kama kamba, atajiona hawezi na atazidi kuumia. Mwanzo mi nilikuwa nafanya pumzi tu. Unakaa kwenye mkeka mgongo umeegemea ukuta, unavuta kwa pua ukihesabu nne, unatoa taratibu ukihesabu sita, ukichoka unaacha. Ile kutoa pumzi taratibu kunapunguza mbio za moyo na mwili unalegea, mawazo yanayozunguka kichwani yanapata upinzani kidogo maana akili inahesabu. Baadaye nikaongeza kupiga magoti mikono chini, unapandisha mgongo juu unaushusha, halafu unakaa juu ya visigino paji la uso linagusa mkeka, kwisha, ila huo wa kichwa chini dada asubiri kwanza kama nesi alivyosema. Hamna mavazi maalumu, dera na kanga vinatosha.

Muhimu kuliko yote FANYA NAYE. Mtu mwenye sonona ukimwambia kafanye mazoezi hafanyi, siyo uvivu, nguvu ya kuanza ndiyo ugonjwa ulichoiba. Kaa naye mkeka mmoja asubuhi watoto wakishaenda shule, akikataa leo mtembee tu mpaka ufukweni mrudi.

Mjiji_Halisi
Kuhusu mzee, mwambieni kwa heshima na wala msifanye kwa kificho. Ni kweli yoga asili yake India na kuna wanaoifanya kwa mantra, yale maneno ya ibada ya kurudiarudia, hofu yake ina msingi. Lakini kunyoosha viungo na kupumua siyo kuabudu. Saudia yenyewe 2017 waliiruhusu rasmi kama mchezo. Ondoeni maneno ya Kihindi na sauti za kwenye vidio, mwiteni akae aone kinachofanyika. Ikibidi muite mazoezi ya viungo, hamdanganyi mtu maana ndicho mtakachokuwa mnafanya.

BintiKibirizi
Asanteni mno, nimemsomea baba maneno yenu kasema atakaa aangalie. Ila kuna kitu sikuandika. Jana usiku dada kaniambia bora angelala asiamke. Nimeogopa hata kumjibu.

NesiMstaafu_Tbr
Mwanangu hapo yoga weka pembeni kwanza. Kaa naye sasa hivi muulize wazi wazi, dada unawaza kujiua? Kumuuliza hakumpandikizii wazo, wengi wanashusha pumzi kwa kuwa hatimaye mtu kauliza. Akijibu usimkemee wala usimwambie ana dhambi, msikilize. Vidonge vyote chukua uvitunze wewe, umpe kimoja kimoja cha usiku, maana amitriptilini ikizidishwa inaua, na msimwache alale peke yake. Asubuhi mapema mpeleke hospitali msisubiri tarehe ya kliniki, na akisema amepanga namna ya kufanya basi ondokeni usiku huu huu. Ukifika mwambie nesi wa mapokezi maneno yale yale aliyokuambia, usiyapunguze makali, ili msiachwe kwenye foleni. Ukishaongea naye andika hapa, niko macho.