Mt. Vincent de Paul alifanya nini hasa kwa maskini?

Kijana_wa_Jumuiya: Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Vijana tumepewa kazi ya kuelezea maisha ya somo wa jumuiya yetu, Mtakatifu Vincent de Paul, maana sikukuu yake 27 Septemba inakaribia. Nilichonacho ni yale ya kawaida tu, alizaliwa Ufaransa 1581, alipenda maskini, akafariki Paris 1660. Sasa jamani watakatifu waliopenda maskini ni wengi, huyu alifanya nini mpaka Papa Leo XIII akamweka msimamizi wa kazi zote za huruma? Naombeni msaada.

Mama_Kigango: Milele amina mwanangu. Anzia Châtillon, mji mdogo wa Ufaransa, 1617. Alikuwa paroko pale, Jumapili anavaa kwa ajili ya misa akaambiwa kuna familia wote wanaumwa hata wa kuwapa maji hakuna, akalisema kwenye mahubiri. Mchana anaenda kuwaona anakuta njia nzima wanawake wanapishana na vyakula! Hapo ndo namkubali huyu baba, maana hakuishia kufurahi, aliona leo kimejaa kitaharibika na kesho watalala njaa, kwa hiyo akawakusanya akina mama wakapangiana zamu na akawaandikia kanuni kabisa. Zile kanuni zisome utalia, zinasema ukifika kwa mgonjwa msalimie kwa uchangamfu, mwandalie meza na kitambaa, mkatie nyama, na anza na wagonjwa wenye watu wa kuwaangalia umalizie na walio peke yao ili ukae nao zaidi.

Katekista_Mstaafu: Ongezea kwamba hakuanza hivyo. Baba yake alikuwa mkulima, na Vincent alipata upadre 1600 akiwa na miaka 19 tu, akili yake ikiwa kwenye kutafuta cheo chenye kipato asaidie kwao. Alipokuwa anasoma mji wa Dax baba yake alikuja kumtembelea akakataa kutoka kuonana naye, anaona aibu kwa sababu mzee anachechemea na nguo zake duni. Hiyo aliisimulia mwenyewe uzeeni kama dhambi iliyomuuma. Vijana waambieni hili msiliruke, maana tukiwaeleza watakatifu kama waliozaliwa wamekamilika mtu anaona hayamhusu.

Kijana_wa_Jumuiya: Asanteni sana wazazi wangu, hiyo ya baba yake sikuwahi kuisikia kabisa. Na wale masista wanaoitwa Mabinti wa Upendo ni wa kwake?

Mama_Kigango: Ndiyo, 1633, ila usimtaje peke yake tafadhali, alianzisha na Mtakatifu Louise de Marillac na huyo mama ndiye aliyewalea wale mabinti siku hadi siku. Enzi hizo masista walikaa ndani ya kuta za monasteri hawatoki, hawa wakatumwa mitaani na majumbani kwa wagonjwa. Ndo maana, ili wasihesabiwe kama watawa wa kufungiwa ndani, mpaka leo wanaweka nadhiri za mwaka mmoja mmoja wanazirudia kila mwaka.

Katekista_Mstaafu: Na kile chama cha Vincent de Paul kilichopo maparokiani hakukianzisha yeye, watu wanachanganya sana. Kilianzishwa Paris 1833 na Mwenyeheri Frédéric Ozanam na wenzake, na Ozanam alikuwa mwanafunzi wa chuo wa miaka 20, rika lenu kabisa. Hilo lisemeni kwa sauti maana pale kwetu chama kimejaa wazee watupu.