Kwa nini koloni la Upper Volta lilifutwa mwaka 1932?

Mwalimu wa Lindi:
Ndugu wanajukwaa, wanafunzi wangu wa kidato cha sita wameniuliza kwa nini nchi ambayo leo ni Burkina Faso imo katika ramani ya makoloni ya Ufaransa ya mwaka 1925, lakini haimo katika ile ya 1935. Najua iliundwa mwaka 1919. Nani aliifuta, na kwa sababu gani?

Mkazi wa Mikindani:
Mwalimu, iliifuta Ufaransa yenyewe kwa amri ya tarehe 5 Septemba 1932, na wilaya zake zikagawiwa majirani watatu. Sehemu kubwa, pamoja na miji ya Ouagadougou na Bobo-Dioulasso, ilipewa Cote d'Ivoire. Ouahigouya ikaenda Sudani ya Kifaransa, yaani Mali ya leo. Dori na Fada N'Gourma zikaingizwa Niger. Sababu iliyotajwa ni ufukara wa hazina, kwani ulikuwa wakati wa mdororo wa uchumi. Kwa maoni yangu sababu nzito zaidi ilikuwa vibarua: mashamba ya kahawa na kakao ya Cote d'Ivoire yalihitaji watu, na Wamosi, kabila kubwa la Upper Volta, walikuwa wengi. Sisi tunaojua jinsi Wamakonde walivyovuka Ruvuma kuja kukata mkonge hatuwezi kulisoma jambo hili kwa wepesi.

Msomaji, Mtwara:
Naomba niongeze habari ya kurudishwa kwake. Mogho Naaba, mfalme wa Wamosi, hakuacha kudai koloni lirejeshwe, na baada ya Vita Kuu ya Pili Ufaransa nayo ilitaka kukipunguzia nguvu chama cha Houphouët-Boigny, mwanasiasa wa Cote d'Ivoire. Sheria ya tarehe 4 Septemba 1947 ililirudisha ndani ya mipaka ya 5 Septemba 1932, na hapo ndipo penye uzito wote, maana mistari iliyochorwa kwa ajili ya wakuu wa wilaya iligeuka kuwa mipaka ya mataifa. Lindi ilipotengwa na Mtwara mwaka 1971 hakuna aliyehitaji pasi ya kusafiria. Kule, Mali na Burkina Faso zilipigana Desemba 1985 kwa ajili ya eneo la mpakani la Agacher, mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaligawa mwaka uliofuata.

Mwalimu wa Lindi:
Nashukuru sana. Je, upande wa Niger nao uliamuliwa hivyo?

Msomaji, Mtwara:
Ndiyo, Mwalimu, mwaka 2013, na majaji walitegemea hasa amri ya gavana mkuu wa Afrika Magharibi ya Kifaransa ya Agosti 1927 pamoja na masahihisho yake ya Oktoba.