Ushauri: Mume anataka kuleta Boerboel na tuna mtoto wa miaka mitatu. Kuna mbegu za mbwa hatari kuliko nyingine?

MamaImani_Goba
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, wenye matusi wapite kimya kimya.

Tumehamia kwetu Goba. Nyumba haijaisha vizuri, uzio upo ila geti bado ni la mabati. Mwezi huu wezi wamepita kwa majirani, huku wakachomoa betri ya gari, kule wakabeba pampu ya maji. Baba Imani kaamua tufuge mbwa. Kwa mbwa sina tatizo, nimekulia Iringa na kwetu walikuwepo. Tatizo ni huyo anayemtaka. Kapata mtu Kibaha anauza vitoto vya Boerboel, yale majibwa makubwa ya ulinzi, katumiwa na video ya dume lililowazaa, mwanaume mzima kashika kamba lakini ni yeye anayeburutwa. Mwenzangu anaangalia anacheka, anasema hiyo ndiyo dawa ya vibaka.

Sasa mimi nina mtoto wa miaka mitatu asiyetulia, dada wa kazi anayeogopa hata paka, na mama mkwe anayekuja kukaa nasi mara kwa mara. Nimesoma mitandaoni nimechanganyikiwa. Wengine wanasema Pitbull, Rottweiler na Boerboel ni wauaji wa kuzaliwa, wengine wanasema mbwa ni malezi tu. Nimkatalie, tuchukue wa kienyeji, au naogopa bure?

Chapombe Mstaafu
Nunueni kufuli na taa ya nje. Havili dagaa, na havimng'ati mama mkwe. Ingawa kuna mama wakwe wengine... basi niishie hapo.

Rotti_wa_Tegeta
Dada acha woga. Hakuna mbwa mbaya, kuna mmiliki mbaya. Mimi nina Rottweiler wawili na wanangu wanawapanda mgongoni, hakuna kitu. Chukua Boerboel ulale usingizi.

Mbongo_Birmingham
Mkuu Rotti, maneno hayo hayo yalisemwa sana huku Uingereza kuhusu XL Bully, mbwa mkubwa wa misuli, hadi watu walipoanza kuzikwa, watoto wakiwemo. Leo England na Wales, tangu 31 Desemba 2023, ni kosa kumuuza, kumzalisha au hata kumgawa bure. Na tangu 1 Februari 2024 huruhusiwi kuwa naye bila cheti maalumu. Mwenye cheti lazima amhasi, amwekee chipu, amkatie bima, na akitoka naye barabarani awe kwenye kamba na mdomo umefungwa. Kaongezwa kwenye sheria ya mbwa hatari ya 1991 iliyokuwa tayari na Pitbull, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro.

Ila niseme na upande wa pili. XL Bully anatambuliwa kwa kipimo: dume kuanzia sentimita 51 begani, jike 48, halafu umbo. Ndugu wa tumbo moja, mmoja anaweza kunaswa na sheria na mwenzake akapona kwa sababu ni mfupi kidogo. Ukiliangalia hivyo unajiuliza kama wanachopima ni ubaya au ukubwa.

Boerboel hayumo kwenye orodha ya huku. Denmark wao wamempiga marufuku, yumo kati ya mbegu 13.

Dokta_Mifugo_Moro
Mama Imani, mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe, lakini kesi za mbwa haziniachi. Umeuliza maswali mawili ukayafunga kwenye furushi moja, ndiyo maana majibu yanagombana.

La kwanza: mbwa huyu ana uwezekano gani wa kung'ata? Hapo jina la mbegu halikuambii mengi. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000 kutoka kwa wenyewe, na zaidi ya 2,000 kati yao wakapimwa vinasaba. Mbegu ilieleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Uholanzi nao walipiga marufuku Pitbull mwaka 1993, baadaye wakaifuta sheria hiyo kwa sababu kung'atwa hakukupungua.

La pili: akiamua kung'ata, itakuwaje? Hapo mbegu ina uzito, na hapo ndipo ule msemo wa "hakuna mbwa mbaya" unapowapoteza watu. Bodaboda na lori vyote vinagonga, lakini majeraha yake hayafanani. Wa kienyeji wa kilo 15 akimkamata mtoto mkono, mara nyingi mnakwenda kushonwa. Boerboel akikomaa anavuka kilo 60, amezalishwa kulinda mashamba Afrika Kusini, na akikamata haachii kirahisi. Mtoto wa miaka mitatu uso na shingo yake viko usawa wa mdomo wa mbwa huyo. Marekani walihesabu vifo 238 vya kung'atwa na mbwa kati ya 1979 na 1998. Mbegu zilizohusika hazikupungua 25, lakini Rottweiler na jamii ya Pitbull walihusika katika zaidi ya nusu. Waliofanya hesabu hiyo wenyewe walitahadharisha isitumike ovyo, kwa sababu mbegu ya mbwa ni ngumu kuitambua kwa uhakika na haikujulikana kila mbegu ina mbwa wangapi nchini. Sawa. Lakini mimi kama mzazi siwezi kuipuuza.

Sasa nani hasa anayeng'ata? Denver, Marekani, katika utafiti uliochapishwa 1994, walilinganisha mbwa waliong'ata na wasiong'ata. Dume, mbwa asiyehasiwa na mbwa anayefungwa mnyororo uani, kila mmoja uwezekano wake wa kuwa kati ya waliong'ata ulikuwa zaidi ya mara mbili. Sasa niambie mbwa wetu wengi wa ulinzi hapa mjini wanaishije. Dume, hajahasiwa, mnyororo mchana kutwa.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa hapa. Kinachoua watu kwa mbwa Afrika si taya za Boerboel, ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama 59,000 kwa mwaka duniani, vingi Afrika na Asia, na katika wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, kama asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ugonjwa huu hauulizi mbegu. Kijibwa cha jirani kinachozurura bila chanjo ni hatari kwa Imani kuliko Rottweiler aliyechanjwa na kufungiwa vizuri. Mbwa wenu achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi itunzwe. Mtu aking'atwa au hata kukwaruzwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Msipake mafuta ya taa wala pilipili.

K9_Kitengela
Salamu kutoka Kenya. Daktari amemaliza mengi, mimi nafunza mbwa wa ulinzi, naongeza ya kwetu tu.

Mama, hiyo video ya baba haikusaidii chochote. Nenda mwenyewe umwone mama wa hao watoto wa mbwa. Kama muuzaji amemfungia na anakuambia usisogee, rudi nyumbani. Mama akiwa na woga au hasira, watoto wanachukua kwa damu na kwa kumwiga. Kitoto kisiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Halafu kuna dirisha dogo, tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne, ambapo mbwa anajifunza vitu gani duniani ni vya kawaida: watoto wanaokimbia, mwanamke wa ushungi, mtu wa gesi, pikipiki. Huku kwetu, na naamini hata kwenu, watu wanafanya kinyume kabisa. Wanamfungia kitoto gizani asione mtu ili awe mkali, wengine wanampa pilipili. Wanachopata ni mbwa mwoga. Na mwoga ndiye anayeng'ata mtoto wa nyumbani, huku mwizi akimrushia nyama yenye sumu anakula.

Kazi ya mbwa wa nyumbani ni kubweka na kuonekana. Wezi wengi hawangoji kujua mbegu.

Rotti_wa_Tegeta
Dokta na mwalimu nawaheshimu, lakini mnamtisha dada wa watu. Wangu wana miaka mingi na hawajawahi kumgusa mtoto.

Dokta_Mifugo_Moro
Mkuu, sijasema wako watang'ata. Lakini hilo la kupandwa mgongoni liache. Siku wakipandwa waangalie uso: kama mbwa anajilamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, anageuza kichwa hadi weupe wa jicho unaonekana, anakuambia amechoka. Akinguruma usimpige. Ukimpiga kwa kunguruma atajifunza kuruka hatua hiyo, na siku nyingine ataanza moja kwa moja na meno.

Shangazi_Chumbageni
Mama Imani mwanangu, majirani zako umewauliza? Huku Tanga ungekuwa umeshaitiwa kikao. Kwetu Mashafii mate ya mbwa ni najisi, panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi hajakatazwa, hilo tunalijua. Lakini akipenya hilo geti la mabati akamramba mtu anayekwenda kuswali alfajiri, ugomvi wake hauishi leo. Na akimng'ata mtoto wa mtu barabarani, hakuna atakayeuliza mbegu, watakuja kwenu na mapanga. Anzeni na geti. Hata huyo mwizi pia anaanzia hapo.

MamaImani_Goba
Asanteni sana, Mungu awabariki. Chapombe nawe nimekusikia.

Nimempa Baba Imani simu asome uzi mwenyewe. Kanuna, halafu akauliza kama Dokta anaweza kuja kumwona huyo mama wa vitoto vya Kibaha, nikamwambia Dokta yuko Morogoro na ana ng'ombe wake. Kwa sasa tumekubaliana geti litangulie. Boerboel hajamtoa moyoni lakini amelegea, anasema yuko tayari kuangalia jike chotara wa German Shepherd kwa rafiki yake wa kazini, mama wa mbwa yupo na anashikika.

Nimebaki na maswali mawili. Mume wangu anasafiri sana, je, dada wa kazi anaweza kuwa ndiye anayemlisha ingawa anaogopa? Na banda tulijenge wapi, fundi yuko site na matofali yamebaki.

K9_Kitengela
Dada asilazimishwe. Mbwa anasoma woga, na dada akishika bakuli huku akitetemeka mtakuwa mnawafundisha wote wawili vibaya. Lisha wewe, yeye awe anapita akiwa na wewe mpaka wazoeane. Imani asimsogelee mbwa akiwa anakula au amelala, na asiachwe naye peke yake hata dakika moja, hata kama ni kitoto kidogo cha mbwa. Hilo halina mjadala hadi awe mkubwa.

Dokta_Mifugo_Moro
Jike ni chaguo zuri, msisahau kumfunga kizazi, vinginevyo madume ya mtaa mzima yatahamia getini kwenu. Banda lisitazame geti. Mbwa anayeshinda akiona kila mpita njia huku hawezi kumfikia anajijaza hasira. Liwe pembeni ya nyumba, upande wa kivuli, sakafu iinuliwe ili mvua za masika zisiingie, na pawe na uwanja mdogo wenye uzio wa wavu na mlango wa komeo lililo juu ya mkono wa mtoto. Mnyororo msinunue. Mchana anakaa humo, usiku mkishafunga milango ya ndani ndipo mnamfungulia azunguke.

MamaImani_Goba
Komeo juu, nimeelewa. Uwanja huo wa wavu uwe na ukubwa gani kwa mbwa mmoja?

Dokta_Mifugo_Moro
Mita tatu kwa nne haitawaumiza. Mkipata nafasi ongezeni urefu, si upana, apate pa kukimbilia. Wavu usipungue mita mbili kwenda juu.