Mjadala: Kanda ya Magharibi ijengewe saikrotroni yake, au florini ije kwa ndege?

Mtoa hoja, Isevya, Tabora

Ndugu wachangiaji, hoja inayorudiwa sana mjini kwetu ni kwamba Kanda ya Magharibi nayo ipewe saikrotroni, yaani mtambo wa kutengeneza florini-18, dawa ya mionzi inayotumika katika kipimo cha PET (picha inayoonyesha saratani ilipo mwilini), kwa kuwa mgonjwa wa saratani kutoka Urambo au Kasulu hawezi kila mara kusafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya picha moja. Uchungu wa hoja hiyo naufahamu. Njia yake ndiyo ninayoipinga.

Florini-18 haiwekwi ghalani. Hutengenezwa ndani ya saikrotroni kwa kuyapiga kwa protoni (chembe ndogo za atomu ziendazo kasi) maji kidogo yenye oksijeni-18, aina nzito ya oksijeni ambayo katika oksijeni ya kawaida ni sehemu mbili hivi tu kwa kila elfu moja, na ndiyo maana maji hayo ni ghali. Kisha florini huunganishwa na aina ya sukari ikawa FDG, ambayo seli nyingi za saratani huifyonza kwa pupa (ubongo, mlafi wa sukari siku zote, nao hung'aa pichani), na kila mkupuo hupimwa usafi kabla ya kumfikia mgonjwa. Kazi yote hiyo inakimbizana na saa, kwa sababu nguvu ya florini hupungua kwa nusu kila dakika 110.

Tupige hesabu. Tuseme dawa imetumia dakika 220 kutoka maabara ya Dar, ikapita foleni za barabarani, uwanja wa ndege na angani hadi ikafika Hospitali ya Kitete: imebaki robo. Hilo linavumilika, kwani huko inakotoka watatengeneza mara nne ya kinachohitajika. Ndege ikichelewa dakika 110 nyingine, imebaki sehemu moja kwa nane, na mgonjwa aliyeshinda na njaa kwa ajili ya kipimo huenda akarudishwa nyumbani. Treni ya zamani ya Reli ya Kati tusiitaje kabisa: siku nzima njiani huacha chini ya sehemu moja kwa elfu nane. Pamoja na hatari hiyo ya ucheleweshaji, nashauri mashine ya PET ije Tabora, florini isafirishwe kwa ndege, na saikrotroni ibaki Dar, ambako serikali imekwisha kuwekeza katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Mkazi wa Ujiji

Kaka, hesabu yako inawafaa ninyi wa Tabora. Sisi tuko mwisho wa reli, na kwa miaka mingi tuliwashiwa umeme wa majenereta ya dizeli huku tukiambiwa kwamba gridi ya taifa itafika. Ndiyo maana neno "mtaletewa" halitutulizi. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilijiwekea saikrotroni yake, haikukaa kungoja florini ya watu wengine. Mtambo ukiwekwa Tabora utahudumia Kigoma, Katavi na Shinyanga, na hata jirani zetu wa Burundi wanaweza kuja.

Mtumishi wa maabara, Tabora

Shikamoo mzee wangu wa Ujiji. Sipingi haki ya Kigoma, ila nyote wawili mmeanzia juu ya paa. Saikrotroni inataka umeme usiotetereka, kuta nene za zege, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, na wataalamu wa kemia na fizikia ya mionzi ambao hata miji mikubwa inawagombania. Kabla ya PET, mgonjwa anahitaji kipande cha nyama kitolewe kwenye uvimbe na kisomwe na mtaalamu wa patholojia. Jibu hilo likichukua wiki kadhaa, picha ya florini itamfaa nini?

Ipo njia ya katikati ambayo hamkuigusa, nayo ni jenereta (si ile ya dizeli, mzee). Ni chombo chenye molibdenamu-99, inayopungua kwa nusu kila saa 66, na kila asubuhi hukamuliwa, kama ng'ombe wa maziwa, teknetiamu, dawa ya mionzi inayozaliwa na molibdenamu hiyo. Kikichelewa siku moja njiani bado kina kazi. Kwa kamera ya gama, inayonasa mionzi itokayo mwilini mwa mgonjwa, teknetiamu huonyesha saratani ya tezi dume au ya matiti iliyosambaa kwenye mifupa. Haina ukali wa picha za PET, nakiri. Lakini hata mashine ya PET ikija baadaye, ipo jenereta ya galiamu-68, dawa nyingine ya mionzi, ambayo mama yake anayeizaa, jemaniamu-68, hupungua kwa nusu kwa takriban siku 271, na galiamu hiyo inafaa kwa saratani ya tezi dume bila saikrotroni hapa kwetu.

Mtoa hoja

Nimekuelewa, na kuhusu patholojia nakubali kwamba niliruka hatua. Kuhusu ndege bado sijarudi nyuma: galiamu haichukui nafasi ya FDG kwa mgonjwa wa saratani ya mitoki. Naomba utujibu jambo moja, wewe uliye ndani: jenereta ya teknetiamu ikiletwa kila wiki, hapa Tabora yupo leo mtu aliyefunzwa kuipokea na kuikamua, au naye tutamsubiri?